Vocha Ambazo Sikuzinunua

Mwezi wa Septemba mwaka 2024 binti yangu alifanya mtihani wa kumaliza darasa la saba, na kuanzia siku ile hadi Januari alipoingia kidato cha kwanza hakuwa na shule ya kwenda. Kila mzazi wa Kitanzania anakijua kipindi hicho. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anabaki nyumbani karibu miezi minne akisubiri matokeo, kisha akisubiri kupangiwa shule, wakati wazazi wanaendelea kutafuta riziki kama kawaida. Mume wangu ni fundi ujenzi na wakati huo alikuwa na kazi Mtumba, anaondoka alfajiri na kurudi jioni akiwa mweupe kwa vumbi la saruji. Mimi nina meza ya uwakala wa pesa hapa Nkuhungu, Dodoma, ninauza vocha, ninaweka na kutoa fedha za watu tangu asubuhi hadi giza linapoingia. Tulimwachia binti yetu mdogo wake wa kumtunza, funguo za nyumba na simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni, ili tuweze kumpigia. Laini iliyokuwa ndani yake nilikuwa nimeisajili kwa jina langu.

Naandika haya kwa ridhaa yake. Nimemsomea kila aya, na palipomuumiza nimepafuta.

Aliingia katika kundi la WhatsApp la watoto waliokuwa wakijiandaa kwa kidato cha kwanza, wakitumiana mitihani ya miaka iliyopita na kufanya mazoezi ya Kiingereza, kwa kuwa masomo ya sekondari hufundishwa kwa lugha hiyo na watoto wetu wengi hufika huko wakiwa wanaijua nusunusu. Nilifurahi. Niliona mtoto anajisomea bila kusukumwa, na sikujiuliza hata siku moja kundi lile lenye namba zaidi ya mia mbili lilikuwa na akina nani. Sikufikiria kwamba mtu akishaingia katika kundi la namna hiyo, namba yake inaonekana na kila aliyemo, awe mtoto, awe mzazi, awe mtu mwingine kabisa.

Jambo ninalojilaumu zaidi lilikuwa mbele ya macho yangu kila siku. Nilikuwa ninampa binti yangu vocha ya shilingi mia tano kwa wiki, na bando la shilingi mia tano halimfikishi mtu popote. Hata hivyo kila niliporudi nilimkuta yuko hewani, na Jumamosi na Jumapili pia. Mimi ndiye muuza vocha. Katika mtaa wetu hakuna mtu anayejua kuliko mimi bando la kiasi gani linakwisha baada ya muda gani, na bado sikuuliza ni nani aliyekuwa anamnunulia mwanangu yale ambayo mimi sikuyanunua.

Ujumbe wote nimeusoma baadaye, tangu wa kwanza, mara mbili, kwa sababu nilitaka kuelewa. Ulianza kwa maneno ambayo hata mimi nisingeyatilia shaka: "Mambo. Na mimi nimemaliza la saba, niko Mwanza. Tufanye mazoezi ya Kiingereza?" Picha ya namba ile ilikuwa ya msichana aliyevaa sare ya shule. Kwa siku nane walizungumzia masomo tu, na aliyejiita msichana alikuwa mvumilivu, anasahihisha makosa, anasifia. Siku ya tisa binti yangu alisema bando linakaribia kwisha, na jibu likaja kwamba dada yake ana duka, atamrushia. Vocha ikaingia. Ikaingia tena baada ya siku tatu, na safari hii ikaja na sharti dogo: asimwambie mama, kwa sababu watu wazima hawaelewi urafiki wa mtandaoni.

Nimejifunza kwamba sharti lile lilikuwa kazi yenyewe. Zawadi ilikuwa njia ya kulifikishia. Mtoto aliyekubali kuficha vocha ya shilingi elfu moja ameshajifunza kumficha mama yake jambo, na siri ya kwanza ikishakaa vizuri, ya pili haiwi nzito sana. Baada ya hapo yakafuata maswali. Analala chumba kimoja na nani? Simu usiku inakaa wapi? Mama huwa anarudi saa ngapi? Nilipolisoma swali hili la mwisho mikono ilinitetemeka, kwa sababu ni swali la mtu anayeipima nyumba kabla ya kuiingilia, na mwanangu alilijibu kwa adabu zote tulizomfundisha za kumjibu anayekuuliza: saa mbili usiku, akifunga meza.

Kisha zikaja picha. Aliombwa picha akiwa na sare ya darasa la saba, ya kumbukumbu. Akaombwa picha akiwa nyumbani. Zilipokwisha kuzoeleka, akaombwa ya kuonyesha sketi mpya ya sekondari inavyomkaa. Kila picha ilizidi iliyotangulia kwa hatua ndogo, kiasi kwamba mtoto hakuweza kusema ni wapi hasa alipovuka mpaka. Ya mwisho sitaieleza, maana heshima ya mwanangu ni kubwa kuliko haja ya msomaji kujua. Kesho yake asubuhi sauti ya yule msichana wa Mwanza ilibadilika ghafla, na ujumbe ukaandikwa na mtu mzima: atume nyingine, la sivyo hiyo itapelekwa katika kundi zima na kwa mama yake. "Na mama yako unamjua. Atakuchapa na simu atakunyang'anya."

Alikuwa anasema kweli. Mwezi wa Oktoba nilikuwa nimemkuta binti yangu anaangalia video usiku wa manane, nikamchapa kwa mkanda na kuifungia simu kabatini kwa wiki nzima, na aliporudishiwa akamsimulia rafiki yake yote kwa machozi. Yule mtu hakuhitaji kubuni tishio. Alichukua kipigo changu akakifanya silaha yake. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na sijapata namna ya kulisema kwa upole zaidi.

Baada ya picha akataka fedha. Jioni moja nilipokuwa nikihesabu floti, yaani fedha ya kuendeshea uwakala, chini ya taa, nilikuta pungufu ya shilingi elfu kumi na tano. Nilirudia hesabu, nikapitia miamala yote katika daftari, nikajua wateja hawahusiki. Wiki iliyofuata zikapungua elfu ishirini. Floti si fedha ya kuchezea. Sehemu yake nilikuwa nimekopa katika kikundi chetu cha wanawake. Nikamwita binti yangu, akapiga magoti mkekani, nami nikamuuliza swali ambalo nadhani kila mama angeuliza: "Umefanya nini?" Akasema ameiba. Nikamuuliza amenunua nini, akanyamaza. Alikuwa ameinamisha kichwa, akinyofoa nyuzi za ukili pembeni mwa mkeka, uzi mmoja baada ya mwingine, na nilipomaliza kumgombeza palikuwa na kifurushi kidogo cha nyuzi karibu na goti lake. Nilimwagiza azifagie. Mtoto alikiri wizi ili asije akasema lile jingine, na mimi nikaondoka nikiwa nimeridhika kwamba nimempata mwizi.

Aliyeupata ukweli ni mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Bahi mwishoni mwa Novemba, kabla ya mvua kuanza kumfunga shambani. Mama yangu anatumia simu ya kitochi na hajui kundi la WhatsApp ni kitu gani. Siku ya tatu walikuwa wawili uani, ungo katikati yao, wanachambua mawe kwenye mchele, na mama akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, kama alivyonisimulia baadaye: "Mjukuu wangu, ninalala nawe chumba kimoja na nakusikia usiku. Sitakuuliza umefanya nini. Niambie ni nani anayekuogopesha." Binti yangu aliendelea kuchambua kwa muda, kisha akaweka mkono wake wenye vumbi la mchele kwenye kanga ya bibi yake na kusema kila kitu.

Nilipoitwa kutoka mezani nilikuta mama amekaa mlangoni. Hakuniruhusu kuingia hadi nilipomwahidi kwamba sitainua mkono wala sauti. Niliahidi. Nikaingia nikamkumbatia mtoto wangu, na kwa kuwa sikujua la kusema nilimwambia tu kwamba nimekuja.

Yaliyofuata nayaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu wengi wetu hatujui pa kuanzia. Ofisi ya kwanza tuliyokwenda, ambayo sitaitaja, mtu aliyetupokea alimuuliza binti yangu mbele ya watu wengine kwa nini alikubali kupiga picha za namna hiyo, kisha akatushauri tufute kila kitu na kubadilisha laini. Tulitoka tukiwa tumeumia zaidi ya tulivyoingia, na nilikuwa tayari kufuta. Jirani yangu, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyenizuia na kunipa namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, ambayo kupiga hakuna malipo. Nilipiga saa hiyohiyo nikiwa nimesimama kwenye kivuli cha mwarobaini. Aliyepokea aliuliza kwanza kama mtoto yuko salama usiku huu na yuko na nani. Ni hapo nilipoanza kulia.

Walituelekeza kwa afisa ustawi wa jamii na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Pale dawatini afande wa kike alitupeleka katika chumba kilichofungwa mlango, akazungumza na binti yangu kwa sauti ya kawaida, na alipohitaji kuuliza mambo ya aibu alimuuliza kwanza kama angependa mimi nibaki au nitoke. Akanieleza ya kufanya. Tusifute chochote. Tusijibu, tusimtukane, na tusimtumie fedha tena hata akitishia, kwa sababu anayelipwa mara moja hurudi. Tuhifadhi picha za skrini zenye namba yake, tarehe na saa, pamoja na ujumbe wa miamala yote, kisha ndipo tumzuie. Mimi nikamwambia kwamba nilitaka kumtumia mume wangu zile picha aone kwa macho yake ubaya wa mtu yule, na akanikataza kwa ukali ambao nilihitaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za mtoto, na picha ya mtoto haisambazwi kwa yeyote, hata kama anayeituma ni mama na anayepokea ni baba. Mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni kila aliye chini ya miaka 18, akubali asikubali alichoombwa.

Kazi yangu ilisaidia mahali pamoja. Kila muamala una namba ya kumbukumbu, na kwa kuwa laini ya binti yangu ilikuwa kwa jina langu, nilizikusanya zote kwa siku moja. Namba iliyopokea fedha ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine kabisa, jambo ambalo halikunishangaza. Wapo watu wanaosajili laini moja, wanaambiwa alama ya kidole haijasoma waweke tena, na wanaondoka bila kujua kwamba laini ya pili imezaliwa kwa jina lao na itauzwa. Tangu siku hiyo kila mteja anayekaa mezani kwangu namwonyesha namna ya kubonyeza *106# na kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA.

Katika ujumbe wa mwisho yule mtu aliandika kwamba atakuja Dodoma kwa treni ya SGR na binti yangu amfuate stesheni. Mume wangu alipolisoma hilo alivaa viatu, akasema atakwenda yeye na mafundi wenzake. Afande alimsihi asiende: ukimvamia mtu bila polisi unaweza kumpiga asiyehusika, au ukamshtua anayehusika akatupa simu yenye ushahidi na picha za watoto wengine. Mume wangu alikaa. Najua kilimgharimu nini kukaa. Suala hilo liko mikononi mwa vyombo vya sheria na sina ruhusa ya kuliandika zaidi.

Afande aliuliza pia swali ambalo hatukulitarajia: katika watu wanaotufahamu, ni nani anayejua kwamba mama hurudi saa mbili? Sisi tulikuwa tumeshamchora mgeni wa mbali, lakini alitueleza kwamba mara nyingi anayejificha nyuma ya picha ya msichana ni mtu ambaye mtoto ameshakutana naye, na kwamba kusema "Mwanza" hakumfanyi mtu awe Mwanza. Tuliandika orodha. Kuiandika kulituumiza, kwa sababu ilikuwa na watu waliokula chakula chetu.

Afisa ustawi wa jamii alinisaidia kuona kwamba hatuko peke yetu. Utafiti wa mashirika ya UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 67 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miaka 12 hadi 17 hutumia intaneti, na kwamba asilimia 4 ya hao wanaotumia walikuwa wamepatwa na matukio ya wazi ya ukatili wa kingono unaohusu mtandao katika mwaka mmoja tu. Asilimia 4 inasikika ndogo. Katika kundi lile lenye namba mia mbili, kama wote wangekuwa watoto, ni wanane, na ninafahamu mmoja tu. Wengine saba wangekuwa wanamwambia nani?

Tulihangaika sana na hofu ya picha kusambaa. Baadaye nilifahamu kuhusu huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na National Center for Missing and Exploited Children ya Marekani na inayotumika hata kwa watu wa nchi nyingine. Picha haitumwi kwao. Simu yenyewe hutengeneza alama ya tarakimu ya picha ile, alama hiyo hupelekwa kwa mitandao iliyojiunga, nayo huitumia kuitafuta na kuiondoa katika kurasa za wazi. Haifiki kila mahali, lakini usiku tulipoikamilisha binti yangu alilala hadi asubuhi.

Nyumbani tumebadilisha mambo. Katika mipangilio ya faragha ya WhatsApp tumeweka kwamba wanaoweza kumwingiza katika kundi ni wale tu ambao namba zao zimo kwenye simu yake, na picha yake haionekani na asiyemjua. Saa tatu usiku simu zote zinawekwa katika kapu la ukili sebuleni, pamoja na yangu na ya baba yao, kwa sababu sheria inayowafunga watoto peke yao hawaiheshimu. Kijana wetu wa kiume, ambaye ana miaka kumi, naye tumemweleza kwa maneno ya wazi, maana nilipoanza kuzungumza na wazazi wengine nilikuta wavulana nao huombwa picha ndani ya michezo ya simu kwa ahadi ya kununuliwa silaha za mchezo, na aibu ya mvulana humfunga mdomo hata zaidi. Ilinibidi nijifunze kutaja viungo vya mwili mbele ya watoto wangu bila kuzungukazunguka. Mama yangu anaweza. Wanawake wa rika lake walifundishwa kukaa na wasichana na kuwaambia mambo. Mimi nilikulia mjini, na mahali fulani njiani kazi hiyo ikawa haina mwenyewe.

Jambo lililokuwa gumu kuliko yote ni mkanda. Nilimwambia binti yangu kwamba akiniletea jambo lolote la simu, hata kama yeye ndiye aliyekosea, sitamchapa na simu haitachukuliwa. Hakuniamini, na nilimwelewa. Maneno ya mama aliyechapa Oktoba hayawi kweli Desemba kwa kutamkwa tu. Mwezi Machi alipasua simu ya baba yake na kuja kuniambia huku akinitazama mikono. Nilimuuliza kama kioo kimemkata. Nadhani alikuwa ananipima, na sina uhakika kama nilifaulu siku hiyo au siku nyingine baadaye.

Sasa yuko kidato cha pili. Wiki mbili zilizopita, saa kumi na moja jioni, nikiwa na wateja watatu kwenye foleni, alikuja mezani na sare yake, akaweka simu mbele yangu juu ya daftari la miamala. Kulikuwa na ujumbe kutoka namba ngeni uliosema, "Nimekuona kwenye kundi la Fizikia, unasoma shule gani?" Akasema, "Mama, huyu simjui." Nikawaomba wateja radhi, nikafunga droo ya fedha, nikamsogezea stuli akae.